Ruta ya Bertilla

Kila Jumapili baada ya misa, Bertilla alikuwa akibisha hodi kwa jirani ili amwone mwanawe wa kumzaa. Kasmir alikuwa akisoma India, na mwenye kompyuta na intaneti hapo mtaani Mazwi walipoishi alikuwa Atusaye, karani aliyehamia kutoka Mbeya. Bertilla, muuza ulezi sokoni, alikaa kwenye kochi la watu akisikiliza mwanawe na Atusaye wakichekea mambo asiyoyajua. Tena Kasmir alikuwa akimwita huyo jirani mama mdogo. Siku aliyogundua kwamba Atusaye alijua habari za homa ya Kasmir kabla yake, wivu ulimpanda. Mimba abebe yeye, habari apewe mwingine!

Akauza ulezi wake wote wa akiba, akanunua kompyuta mpakato ya mtumba na ruta yake mwenyewe ya kusambaza intaneti. Fundi Yoramu alipokuja kuunganisha, Bertilla alimpeleka moja kwa moja stoo.

“Funga humu.”

“Humu, mama? Kwenye magunia ya mahindi?”

“Humu humu. Sitaki intaneti yangu iruke ukuta iende kwa mtu.”

“Lakini tunaweka nywila, mama. Haingii mtu.”

“Nywila? Kasmir akiijua si atampa Atusaye!”

Basi ikafungwa stoo. Sebuleni kompyuta ikautafuta mtandao wee, ikaambulia patupu.

“Imezeeka, inashika kwa shida,” Yoramu akasema. “Na hizi kuta, na hayo magunia... Ruta ikae dirishani, kompyuta tuiweke karibu yake.”

Dirisha lenyewe lilitazama uwani kwa Atusaye. Bertilla akanuna. Lakini saa ya Kasmir ilikuwa imekaribia, na asubuhi kanisani alikwisha kumtangazia Atusaye, kwa maringo yote, kwamba leo haji kwake.

“Haya, weka,” akasema.

Mtandao ukashika. Bertilla akakaa, dirisha mgongoni, na sura ya Kasmir ikajaa kwenye kioo.

“Shikamoo, mama!”

“Marahaba, baba yangu.” Machozi yakamlengalenga. Mtoto wake, nyumbani kwake, na hakuna wa kugawana naye.

Kasmir akakaza macho. “Mama, hebu sogea kidogo.”

Bertilla akavuta kiti, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

“Hapana, mama, sogea pembeni. Huyo anayeanika nguo hapo nyuma yako si mama mdogo? Mwite basi!”