Sambamba, Pande Mbili za Chukudu

Maharagwe yakianza kuungua chini ya sufuria, harufu ile hunirudisha mtaani kwetu Keshero, siku milio ya bunduki ilipokaribia kutoka upande wa Lac Vert.

Mama alikuwa anapika huku anafunga mizigo, maharagwe yakaanza kuungua. Papa akamkaripia, "Mama, upike ao ufunge!"

"Vyote sambamba," mama akajibu. Neno hilo alilirithi kwa baba yake, muzee wa biashara aliyetoka pwani. Maana yake, alizoea kutuambia, hakuna kinachongoja kingine.

Akaipua sufuria maharagwe yakiwa bado magumu, akaizungushia blanketi, akaipakia juu ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao, ili yaendelee kuiva njiani kwa joto lake. Papa akaanza kusukuma.

"Na ninyi mutembee sambamba," mama akatuamuru. "Mumoja uku, mumoja kule. Musiachilie!"

Nikashika upande wa kushoto, dada yangu wa kulia. Mzigo ulituzidi kimo, hatukuonana. Basi nikawa nagonga ubao, naye anagonga kunijibu.

Barabara ilijaa watu, mbuzi na magodoro. Bomu likaanguka nyuma yetu, umati ukatusukuma. Nikagonga. Nikagonga tena. Nilidhani amechoka kunijibu, nikanuna.

Papa aliposimamisha chukudu jioni, upande wa kulia hapakuwa na mtu. Akarudi barabarani mbio, akiita.

Mama akafungua blanketi. Maharagwe yalikuwa yameiva vizuri kabisa. Akapakua sahani zote, ya dada akaiweka kule upande wake, akaifunika.

Tukangoja.