Mkono wa Kushoto wa Bi Harusi

Brashi niliionea wivu kabla sijamwonea mwenyewe. Ilikuwa nyembamba kama njiti, nywele zake fupi zimekatwa mshazari, upande mmoja mrefu na wa pili mfupi, kama paa la kibanda lililoinamishwa nyuma ili limwage maji. Ukiiona mezani ungedhani imeharibika. Mimi nilidhani hivyo, nikafurahi, kwa kuwa mwenye brashi, binti mmoja wa Chemba, alikuwa ndiyo kwanza amepewa meza ya pili katika saluni yetu ya Makole, na meza ya pili ndiyo iliyo mlangoni, penye mwanga.

Kabla ya hapo fundi wa kucha pale nilikuwa mimi peke yangu. Frenchi yangu, yaani ile kucha ya rangi ya mwili yenye ncha nyeupe, niliifanya kwa stika. Unabandika kistika chenye umbo la mwezi mwandamo, unapaka nyeupe, unabandua, mstari huo hapo. Hakuna mteja aliyelalamika. Walikuwa hawajaona kingine.

Yule binti wa Chemba hakutumia stika. Aliinamia kidole cha mteja, bega lake likakifunika, brashi ikapita huku, ikapita huku, akainuka. Mstari mwembamba, umejipinda kama kucha yenyewe ilivyoota. Juu ya hayo alikuwa mpole. Mtu mwenye kipaji akiwa na kiburi unapata pa kumshika. Huyu aliniamkia kila asubuhi, "Shikamoo dada," nami nikaitikia marahaba kama mtu anayetozwa ushuru.

Wateja wa kupita wakaanza kupita kwake. Sawa, wapite. Lakini nilikuwa na mama mmoja wa Mvumi, mteja wangu wa siku nyingi, niliyempenda kwa sababu alijua kupatana. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mwisho kila mmoja akaondoka akiamini amemwibia mwenzake. Mama huyo akaja na habari: binti yake anaolewa, sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, imekaribia, na bi harusi anataka frenchi.

"Nitamleta kwako, mwanangu, si unajua," alisema. Alisema hivyo akitazama meza ya mlangoni.

"Mama, macho yako yako wapi?"

"Yanapumzika."

"Yapumzike huku."

Akacheka mpaka akashika mkoba. "Jumamosi nakuja naye. Mikono ni yake, achague mwenyewe. Atakayemchagua ndiye atakayetufanyia sote siku yenyewe, mpaka mashangazi."

Mashangazi wa Mvumi nawafahamu, si haba. Ukiwapoteza hao umepoteza ukoo mzima, na ukoo una midomo.

Kesho yake nilikwenda Majengo kwenye duka la vipodozi la mzee mmoja wa Kihindi, aliyezaliwa hapa hapa Dodoma na anayeongea Kigogo kunizidi. Na hilo pia lilikuwa likiniuma kidogo. Brashi ya mshazari nikaiona imening'inia ukutani.

"Shikamoo mzee. Hii mbovu unaitoaje?"

"Marahaba. Si mbovu. Ya nyusi hiyo, imekatwa hivyo kiwandani."

"Nywele nusu, bei nzima?"

"Mwenye kipara akienda kwa kinyozi analipa nusu?"

Nilitoka na brashi pamoja na tupa ya kucha kama nyongeza, nikajiona mshindi. Tupa yenyewe nilipoijaribu ilikuwa laini kama ulimi wa ndama.

Nyumbani nikapanga kucha za plastiki juu ya meza. Nikachovya brashi kwenye nyeupe, nikavuta. Mstari ukatoka kama korongo. Nikavuta tena, ukatoka korongo lile lile limeota tawi. Mpaka Ijumaa nilikuwa na makorongo ya kutosha mkoa mzima, na bado nilipomtazama yule binti kazini niliona bega tu.

Jumamosi mama akaja na binti yake, msichana mkimya mwenye simu mkononi kama kidole cha sita. Akaitazama meza yangu, akaitazama ile ya mlangoni, mguu wake ukaanza kuelekea mlangoni. Nikaona ukoo unaondoka.

"Subiri kwanza," nikasema. "Mikono si miwili? Tugawane. Huyu mmoja, mimi mmoja, halafu ulinganishe."

Macho ya mama yakang'aa. Ukimletea mapatano hawezi kukataa. "Hayo maneno!"

"Na mkono nachagua mimi. Mimi mkubwa."

Nikachagua wa kushoto. Hesabu nilishaipiga nikairudia: pete ya uchumba iko kushoto, watu hutazama pete, wapiga picha nao ni watu. Yule binti wa Chemba alisema tu, "Sawa dada," akavuta kiti karibu na changu.

Ndipo kwa mara ya kwanza nikakaa ubavuni kwake, bega lake halinizibii tena. Akachukua kidole cha kwanza, akapaka nyeupe kwenye ncha ovyo ovyo, kama anayepiga lipu choo cha shule. Nilitaka kucheka. Kisha akachovya brashi ya mshazari, si kwenye nyeupe, bali kwenye kizibo cha soda kilichokuwa pembeni. Siku zote nilidhani ni maji. Harufu ikanifikia: spiriti. Akaikamua brashi kwenye kitambaa, akaweka ule ubapa wake kwenye kona ya kucha, akauvuta taratibu kuelekea katikati. Nyeupe iliyozidi ikaondoka na brashi. Akaingia kona ya pili, akavuta, zikakutana. Mstari hakuuchora. Mstari ni kile kilichobaki. Na rangi yetu ni ya jeli, haikauki mpaka iingie kwenye taa yake, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kufuta apendavyo.

Nimekulia Hombolo, kwenye mizabibu. Baba alinipa mkasi wa kupogolea ningali mtoto, akanionyesha kwamba mzabibu unautengeneza kwa kuupunguza, tena kwa mkato wa mshazari. Mtoto wa mizabibu nikakodolea rangi wiki nzima, kizibo nisikijali.

"Dada," bi harusi akaniambia, "kidole hiki mstari umekaa upande."

Ulikuwa umekaa upande kweli, ule niliouchora kwa brashi yangu huku nikichungulia kwa jirani. Kizibo kilikuwa mbali, upande wa pili wa yule binti, na kukifikia ilibidi niombe. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuomba bila kuomba, nikaona kizibo kinasogea. Alikisukuma kwa kiwiko mpaka katikati yetu, macho hakuyainua.

"Ikamue kwanza kwenye kitambaa, dada. Ikilowa sana inakimbilia chini."

Heri angenicheka.

Nikafuta. Nilichelewa, mkono wa kulia ulishatoka kwenye taa na umerudi kwenye simu, mimi bado niko kwenye kidole cha pete, lakini nikamaliza. Mama akavaa miwani, akaiweka mikono ya mwanawe pamoja, akaikagua kama anayechagua kuku.

"Huu na huu ni ndugu," akasema.

"Basi siku yenyewe kila mtu na mkono wake," akasema bi harusi.

"Na mashangazi?"

"Wagawane tu, mama."

Niliikunja taulo vizuri ili nisiruke. Pete ilikuwa yangu.

Sendofu ikapita. Siku chache baadaye mama akaja na picha kwenye simu, saluni nzima ikamzunguka. Bi harusi anamlisha mama yake keki. Anamlisha baba yake. Anamlisha shangazi, mjomba, wakwe. Kote huko mkono wa kulia, kucha zimesimama mbele ya midomo ya watu kana kwamba zinahutubia. Wa kushoto uko chini ya kidevu cha anayelishwa, umeshika karatasi ya kupangusia.

Sendofu haina wa kuvishwa pete. Ina keki, na kwetu hakuna anayelisha mtu kwa kushoto. Hilo nalijua tangu nijue kula. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili nilihesabu harusi.

Wiki hiyo wateja wakaanza kuingia. "Yuko wapi aliyefanya mkono wa keki?" Yule binti wa Chemba aliwajibu, "Tulikuwa wawili, na dada yule." Hawakugeuka.

Mama alipopita tena nilimwomba simu, nikapitia picha moja moja mpaka mwisho, nikarudi mwanzo. Kwenye picha ya baba karatasi ilikuwa imeteleza. Kidole cha pete kilionekana. Nikaikuza picha mpaka ikavunjika vigae vigae. Mstari ulikuwa umekaa.

Kisha nikaisogeza, taratibu, mpaka kwenye mkono wa kulia. Nikaukuza na huo.

"Unatafuta nini huko?" mama akauliza.

"Napumzisha macho, mama."