Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Mtaani walimwita Msoma Mita, maana ndiyo kazi iliyomlisha: kuinama kwenye mita za maji za watu, kufuta tope kwenye kioo, kuandika tarakimu, kisha kutukanwa na mwenye nyumba. Lakini ukimuuliza mwenyewe, angekwambia yeye ni mwandishi. Miaka sita alikuwa ameiatamia riwaya yake moja. Wachapishaji wanne waliikataa, wa tano hakujibu kabisa. Basi akaapa ataichapisha mwenyewe, na hatatoa hata senti.

Na kweli, mtandaoni vya bure havikosekani. Alipata programu ya kusahihisha maneno, ya kupanga kurasa, ya kuchora jalada. Akapata na ya kusoma maandishi kwa sauti ya mwanamke mpole kama mtangazaji wa redio. Iliyompagawisha kuliko zote ilikuwa ya wasomaji wa majaribio: unaweka kitabu, unawatumia watu kumi na watano kiungo, halafu programu inakuonyesha kurasa zipi zinarukwa na zipi zinarudiwa. Majina ya wasomaji tu ndiyo yaliyofichwa. Kuyaona, mpaka ulipie, na huyu bwana kulipa alikuwa hataki kusikia.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa mmoja wa hao kumi na watano.

Sasa mwanamke huyu alikuwa na jambo lake. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, alifanya kila kitu isipokuwa kumwogesha. Mume aliogesha wiki ya kwanza, akaogesha ya pili, mwisho akauliza kulikoni. Ndipo akaambiwa. Mkewe alipokuwa na miaka tisa, yaya alimwachia mdogo wake wa miezi kumi, ameketi kwenye beseni la maji, akaenda kuanika nguo. Mwangalie dakika mbili tu. Mtoto wa kike akasikia wenzake wanaruka kamba nje, akatoka. Aliporudi, mdogo wake alikuwa kifudifudi majini. Hakupiga kelele. Alirudi kwenye kamba akaendelea kuruka mpaka wakubwa wakagundua wenyewe, na alipoulizwa, akasema hakuachiwa mtoto na mtu. Yaya akafukuzwa na jina la muuaji.

"Mama akijua," alimwambia mumewe, "mimi sina tena mama."

Mume akaapa. Na miaka kumi na mitatu hakumwambia kiumbe.

Kisha akaliandika. Ukurasa wa mia na kumi na mbili. Alibadilisha jina, miaka tisa akaifanya kumi, akajiona mjanja kwelikweli.

Mkewe alipoufikia ukurasa huo, alimfuata jikoni, simu mkononi.

"Huu utoe."

"Nautoa."

"Lini?"

"Mke wangu, si nimeshasema? Leo leo."

Labda alikusudia, tusimwonee. Lakini kesho yake, amekaa kwenye ngazi za ofisi ya maji, alifungua programu yake akakuta ukurasa unaorudiwa kuliko zote ni huo huo. Mara nne. Kufika mwisho wa wiki, mara thelathini na moja. Uliofuatia ulikuwa umerudiwa mara mbili, na huo ulikuwa na mistari iliyopandana. Chini yake programu ikamshauri: wasomaji wako wanaupenda ukurasa huu, utumie kwenye tangazo.

Kichwa kikamvimba. Angemuuliza mkewe? Jibu alilijua, ndiyo maana hakuuliza. Mtu mzima na ndevu zake akajitia hamnazo. Ukurasa wote akampa yule mama mpole wa programu, naye akausoma kwa sauti ya kulia, na kinanda kwa chini. Ijumaa saa nne asubuhi akautuma kama tangazo la kitabu. Programu ya kutuma ilimuuliza: uchague majina, au yote? Kuchagua majina mia tatu ya kwenye simu moja moja ni kazi. Akabonyeza yote. Wenye mita, mafundi bomba, wazazi wa chekechea, mama mkwe.

Saa nane mkewe alirudi kutoka kazini kabla ya wakati. Mzazi mmoja alikuwa amemfungulia tangazo lile katikati ya darasa, kwa sauti kubwa, akimpongeza: mwalimu, mumeo ana kipaji, nimelia mimi.

"Uliniambia unautoa," alimwambia mumewe, mkoba ungali begani.

"Usikasirike kwanza. Watu wameupenda. Umerudiwa mara thelathini na moja, ushahidi huu hapa." Akamnyooshea simu.

Mkewe akaitazama.

"Ni mimi huyo."

"Wewe vipi?"

"Hizo mara thelathini na moja. Nilikuwa nafungua kuangalia kama umeutoa."

Na hapa, Mungu amsamehe, kilichomchoma Msoma Mita kwanza hakikuwa hali ya mkewe. Kilichomchoma ni kwamba wale wengine kumi na wanne hawakuurudia hata mara moja.

"Futa," mkewe alisema. "Ufute kwa wote, sasa hivi."

Akajaribu. Kufuta ujumbe uliokwisha kutumwa ni kwa waliolipia. Alikuwa bado anapekua mifuko kutafuta kadi ya benki mlango ulipogongwa.

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa miaka sabini, mshonaji aliyeacha kushona kwa sababu ya macho. Masikio yake yalikuwa mazima. Alipewa kiti, hakukaa. Shikamoo ya mkwewe aliiacha ining'inie.

"Nimeisikiliza mara mbili," alimwambia binti yake. "Nilikukuta unaruka kamba siku ile. Maiti ndani, watu wanalia, wewe unaruka. Nikasema mtoto hajui kifo."

"Mama, nisamehe."

"Yule yaya nilimpiga na mwiko mpaka mkono wake ukavunjika. Wewe umesimama mlangoni unaona."

"Nilikuwa na miaka tisa, mama."

"Jana ulikuwa na arobaini."

Msoma Mita akakohoa. "Mama, ile ni hadithi tu, mambo ya kubuni."

Mama mkwe hakumgeukia hata kidogo. Ungedhani limekohoa kabati.

"Yaya yule alikuwa na miaka kumi na sita," aliendelea. "Alinifuata kwa magoti mpaka barabarani, mama si mimi, mama si mimi. Nikamlaani yeye na kizazi chake. Kesho naenda kumtafuta, kama yu hai."

"Twende wote. Nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Hapana."

"Mama, tafadhali."

"Atakuona, ataniuliza huyu ni nani. Nami sitaki kumjibu kwamba ni mwanangu."

Binti akapiga hatua kumfuata. Mama akainua kiganja, naye akasimama pale pale.

"Wewe baki na mumeo," alisema, akatoka.