Nguzo ya Chumbani kwa Mama

Mume wa dada yangu hugonga majengo ili apate riziki. Ndivyo ninavyowaeleza wateja wangu wanapoulizia yule mtu mrefu anayeingia kwetu, akasalimia, kisha akautazama ukuta kabla hajamtazama mtu. Anafanya kazi katika maabara ya kupima vifaa vya ujenzi, na mtaani wamembatiza Gongagonga. Mimi humwita shemeji. Nikiwa nimekasirika humwita Gongagonga mbele ya watu.

Maabara hiyo nimewahi kufika, siku nilipompelekea ovaroli niliyomshonea. Nilitegemea chupa za vioo na watu wa makoti meupe. Nikakuta banda refu, vumbi la saruji mpaka kwenye kope za watu, na birika kubwa la maji lenye matofali madogo ya zege, mraba pande zote, yamezama kimya. Kila jengo linapomwagwa zege hutuma sehemu yake pale. Matofali hulala majini mpaka yakomae, halafu shemeji huyatoa moja moja, akayafuta, akayaweka kwenye mashine inayobana mpaka yapasuke. Kwa ufupi, analipwa kuvunja vitu vya watu.

Alinionyesha namna ya kuliweka tofali. Ule uso uliosawazishwa kwa mwiko haufai kutazama juu, maana hauko sawasawa. Ukiuweka juu tofali zuri litavunjika kabla ya wakati wake, na mtu atabomolewa nguzo isiyo na kosa. Akaligeuza kwa mikono miwili, polepole, kama anamgeuza mtoto aliyelala. Mashine ikanguruma, tofali likapasuka kwa mlio mmoja mkavu. Mimi niliruka. Yeye akatabasamu.

"Limekufa vizuri," akasema. Hayo ndiyo mazungumzo yake.

Nyumbani ni mtu wa haya kupita kiasi, hata chumvi hawezi kuiomba mara mbili. Lakini mpeleke kwenye jengo la kupima uone. Hapo hakuna kabati lisilosogezwa. Aliwahi kumtoa mkurugenzi mzima ofisini kwake, yeye na meza na zulia na picha ya harusi, kwa sababu nguzo ilikuwa nyuma ya meza. Mkurugenzi alifoka, akapiga simu kila anakojua. Shemeji akasimama mlangoni, ameikumbatia nyundo yake, anasubiri. "Nguzo nisiyoiona siijui," ndiyo hoja yake pekee, na huirudia mpaka mtu achoke mwenyewe.

Huyo ndiye tuliyempa nyumba ya mama aipime.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi mwashi, na nyumba yetu aliijenga yeye na mama, kidogo kidogo, kwa nguvu zilizobaki akitoka kwenye kazi za watu. Juu aliweka paa bapa la zege, na kwenye kila nguzo akaacha nondo zimechomoza kuelekea mbinguni, kwa ajili ya ghorofa atakalolijenga mambo yakikaa sawa. Mambo hayakukaa sawa. Baba akafariki, nondo zikashika kutu, mama akazigeuza kuwa mahali pa kufungia kamba ya nguo.

Mimi nilirudi pale na cherehani yangu ndoa yangu ilipovunjika, nikapewa chumba cha nyuma. Simsemi mama vibaya. Lakini mteja akija kupimwa gauni lazima apite sebuleni, na sebuleni yupo mama, na mama atamtazama kutoka juu mpaka chini amwambie, "Umenenepa, mwanangu, usije ukamlaumu fundi." Nimepoteza wateja wazuri kwa namna hiyo. Nilitaka mlango wangu. Nilitaka ghorofa lile, ngazi ya nje, dirisha kubwa la kukatia vitambaa, na kujiona mtu mzima tena. Nililitaka mpaka nikawa naliota. Mama naye aliafiki. "Jengeni," akasema. "Nyumba ya baba yenu itabeba."

Mhandisi tuliyemwendea akasema hachori hata mstari mmoja kabla nguzo hazijapimwa. Dada akacheka. Mpimaji si analala naye?

Shemeji akaja na vifaa vyake. Kwanza alichimba shimo kando ya msingi, akaingia, akauponda udongo kwa vidole na kuutazama kwa muda mrefu. Ardhi ilikuwa ya changarawe, ngumu, imetulia. Akaridhika. Kisha akageukia nguzo. Nyundo yake si ya kupigia misumari: ni bomba nene lenye ncha, ambalo hulikandamiza kwenye zege mpaka springi iliyomo ndani ifyatuke, na kipimo kinamwonyesha imerudishwa kwa nguvu kiasi gani. Zege gumu huirudisha kwa hasira, zege laini huimeza. Lakini nyundo huishia kwenye ngozi ya nguzo, kwa hiyo baada yake hutoboa kwa mashine ya mdomo wa duara, akatoa kipande cha ndani chenye ukubwa wa kopo dogo, akaenda kukiponda maabara.

Alizunguka nyumba nzima, akibandua lipu kidogo hapa na pale, akiomba radhi kwa kila doa la vumbi. Ikabaki nguzo moja, iliyokuwa chumbani kwa mama, kichwani mwa kitanda. Mama akasimama mlangoni ameshika pazia.

"Humu hapana, mwanangu. Sijatandika."

Shemeji akainamisha macho. "Haina shida, mama. Hizo nyingine zinatosha."

Nilimsikia kwa masikio yangu na sikuona ajabu. Mkwe ni mkwe. Tangu amwoe dada hajawahi kuvuka pazia lile, na mwanamume anayeingia chumbani kwa mama mkwe na nyundo mkononi, hata awe na sababu gani, atasimuliwa mtaa mzima. Aliyemshinda mkurugenzi na simu zake akashindwa na pazia la maua.

Vile vipande vikapondwa, majibu yakatoka mazuri. Shemeji alikuja kutuambia, akasema maneno matatu tu: "Baba alikuwa fundi." Mama akajifuta macho. Mimi nikapiga vigelegele, nikaagiza mchanga ukamwagwa mbele ya nyumba, nikawatangazia wateja kwamba gauni zijazo watazipimia juu, hewani, mbali na macho ya mama.

Basi hapo ndipo shemeji alipoanza kubadilika. Dada alinipigia simu analalamika: mume wake hali vizuri, akisemeshwa anaitika kwingine, akiulizwa ana nini anasema anawaza nguzo. "Nguzo gani?" nikamwuliza dada. "Nguzo si zimefaulu?" Dada akasema hata yeye hajui, labda ni uchovu.

Jumamosi asubuhi akaja mwenyewe. Mimi na mama tulikuwa sebuleni tunachambua mchele. Akakataa kiti.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," akasema. "Majibu bado sijampa mhandisi."

"Kwa nini?" Aliyeuliza ni mimi.

"Kuna nguzo moja sijaipima. Niliona haya kuingia chumbani kwa mama, nikasema nyingine zinatosha. Hazitoshi. Kwa mtu mwingine nisingekubali. Ningemtoa na kitanda chake."

Hasira zikanipanda. "Shemeji, mchanga umeshamwagwa! Fundi mmoja, mikono ileile, saruji ileile. Hiyo moja itakuwa imejengwa na nani, majini?"

"Inawezekana ni nzuri kuliko zote," akasema. "Ila siijui. Na mama analala chini yake."

Nikamwambia mengine ambayo siyarudii hapa, Gongagonga likiwa ndilo la heshima kuliko yote. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Ningekuwa na akili ningemtazama mama wakati ule, kwa sababu mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo na hakuwa amesema neno hata moja, mama ambaye huwa na neno kwa kila mtu.

Shemeji akamgeukia. "Mama, naomba ruhusa niingie chumbani kwako."

Mama akaweka ungo chini, akajikung'uta, akaenda kuliinua pazia. Hakumtazama usoni. "Ingia, baba."

Tukakisogeza kitanda, mimi nikiwa nimevimba. Shemeji akabandua lipu, akakandamiza nyundo yake. Nguzo zote nyingine zilikuwa zimetoa mlio mkavu. Hii ilitoa mlio butu, kama umegonga mfuko wa unga. Akajaribu chini kidogo, akajaribu juu, akavua miwani akaifuta kwa shati. Kisha akatoboa. Kipande kilichotoka kilikuwa na vitundu vidogo vidogo kila upande, na kokoto zake ziling'oka kwa dole gumba. Alinipa nikishike. Nikakikwaruza kwa ukucha, mchanga ukamwagika kwenye kiganja changu.

Sihitaji kujifanya mwema. Sikumfikiria mama, sikumfikiria mtu. Nililililia ghorofa langu. Nilikaa juu ya sanduku la mama nikalia kwa sauti, na shemeji akasimama pale hajui pa kuiweka mikono yake.

"Baba alikosea wapi?" nikamwuliza.

"Si baba yako," mama akasema. Alikuwa bado amesimama mlangoni. "Hiyo niliijaza mimi."

Tukamgeukia wote wawili.

"Baba yenu aliitwa ghafla kwenye kazi ya watu, na zege lilikuwa limeshachanganywa, lingegandia pale chini. Akaniambia, jaza hiyo ya mwisho, narudi sasa hivi. Lilikuwa zito, koleo halipenyi. Na mimba yako ilikuwa imenifika hapa." Akajigusa chini ya kifua. "Nikaongeza maji, likalainika. Nikafurahi, nikaongeza tena. Likawa linateremka lenyewe kama uji. Aliporudi nikamwambia nimemaliza, akanisifu mpaka nikaona aibu."

Akaegemea mlango.

"Siku nyingine nikamsikia anawafokea vibarua. Anawaambia maji mengi ndiyo yanayoua zege, yakikauka yanaacha matundu ndani. Nikajua nimefanya nini. Sikuweza kumwambia. Chumba hiki kilikuwa kiwe chenu nyinyi watoto. Nikamwambia mimi nakipenda, kina upepo. Nikaweka kitanda changu hapo, kichwa kwenye nguzo, ili kama ni kuanguka, iniangukie mimi."

Machozi yangu yalikauka palepale. Umri wangu wote mama amelala pale, amegeuza kichwa upande ule, na sisi tukimcheka kwa kukataa kubadilisha chumba.

"Na tulipotaka kujenga, mama? Ungeniacha nikae juu yake?"

"Nilijiambia labda imekomaa. Baba yenu alikuwa akisema zege hukomaa." Akaanza kulikunja pindo la pazia kwa vidole. "Ningesema, ungehama."

Nilitaka kukasirika na sikupata pa kuanzia. Nikamwambia sihami, tena kwa ukali, kama ninamgombeza, na kila neno nililimaanisha. Mama akatikisa kichwa kuitikia, akauliza kwa sauti ndogo, kumwuliza mkwe wake na si mimi, "Sasa mimi nitoke humu?"

Shemeji alitazama juu kwenye paa, akatazama chini kwenye sakafu, akapapasa kuta za pembeni akitafuta nyufa. Hakuwa na haraka. "Sioni nyufa, mama. Huo mzigo uliopo imeubeba miaka yote hii. Lakini ghorofa hapana, hilo nitaliandika leo. Mhandisi nitamleta aseme kama inaweza kuvishwa nondo mpya na zege jipya. Mpaka aseme, utalala kwa shemeji yangu huyu, kule nyuma." Akanitazama. Nikasema chumba ni kikubwa, jambo ambalo sijawahi kulisema tangu nirudi.

Kisha akasema tundu alilotoboa haliachwi wazi. Akaenda kuleta saruji kidogo na mchanga, ule mchanga wangu wa pale nje, akapiga magoti sakafuni karibu na kitanda cha mama mkwe wake na kuanza kuvichanganya kwenye kipande cha bati. Mama aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, karibu kabisa naye, akainama kutazama. Shemeji akachukua kikombe cha maji.

"Kidogo, baba," mama akasema. "Tia kidogo tu."

"Ndiyo, mama," akajibu, akatia kidogo, akakiweka kikombe pembeni.