Keturah Aliyefungwa na Baragumu

Keturah Boyce alikuwa mwembamba kama ufagio wa mwaka jana, lakini alipopuliza baragumu lake la bati, maziwa yaliganda ndani ya ng'ombe na kuku wa wilaya ya pili walitaga kwa mshtuko. Maiti mmoja tuliyekuwa tukimkesha alikunja mguu. Msiponiamini, waulizeni kuku.

Kwetu, vilimani kusini mwa Pennsylvania, Marekani, kila nyumba ya mkulima ilikuwa na baragumu la kuwaita wanaume chakula cha mchana. Kisha ikaja ile sheria: mtumwa aliyetoroka akamatwe hata huku kusiko na utumwa, na jirani asaidie kumfunga kamba. Wanaume wetu weusi wakakutana kanisani, wakaapa kwamba hakuna mtu wa bonde letu atakayerudishwa utumwani Maryland wao wakiwa hai. Wakaficha bunduki chini ya mimbari, na mchungaji akawa anahubiri amani juu yake. Wakakata shauri pia kwamba mabaragumu ya nyumba zetu yanyamaze yote. Lilie moja tu, la Keturah, kwa kuwa nyumba yake iko kilimani, na lilie siku wakamataji wakija. La mgambo likilia lina jambo, si viazi.

Basi ikawa wazungu wanaitwa kula kwa baragumu, na sisi tunapanda mashambani kwa miguu kuwafuata waume zetu, nao wanakuja wamenuna kwamba uji umepoa. Kiapo kilikuwa chao, miguu ilikuwa yetu.

Aliyechoka kuliko wote ni Keturah. Asiende mbali, asije kanisani, asizike mtu. Levin, mumewe, alikuwa mtoro kama yeye, na bwana wa zamani wa Levin, mzee mwenye shingo iliyopinda, alikuwa bado akimtafuta.

"Nilikimbia mnyororo," aliniambia siku moja tukimenya matofaa, "nikaja kufungwa na bati."

"Angalau bati halikupigi, shoga."

"Hujalala nalo wewe."

Wakati wa kuvuna mahindi ikaja habari kwamba binti yake Dorcas, aliyeolewa mji wa Columbia, kando ya mto, amejifungua mtoto wa kike. Keturah akaweka kisu chini.

"Nataka kumshika," akasema. "Mara moja tu. Nimnuse kichwa."

"Nani atapuliza?" akauliza Levin.

Wanawake wote tukajaribu. Mimi nilitoa mlio wa ng'ombe anayezaa pacha.

"Shemeji," akasema Levin, machozi ya kicheko yakimtoka, "ukipuliza hivyo wakamataji watakuja kukukanda tumbo."

Lakini alimtazama mkewe, kicheko kikamkauka. "Nenda," akamwambia. "Ulale, kesho urudi. Shemeji atakaa dirishani. Akiona kitu, apige mayowe. Hayo hajawahi kushindwa."

Asubuhi Keturah akaondoka na chupa ya matofaa yaliyopikwa na kofia ya kitoto aliyoifuma mwenyewe. Alitembea akipepea mikono kama msichana. Sijawahi kumwona hivyo.

Adhuhuri ilipokaribia, kwenye njia panda baada ya kinu, akakutana na gari la farasi limejaa wanaume, na mbele yao mzee mwenye shingo iliyopinda. Alikuwa Bwana Pinder, bwana wa Levin. Hakumjua Keturah. Akamwuliza njia ya kilimani kwetu!

Keturah akamwelekeza kwa adabu zote, njia ndefu ya kivukoni. Walipopinda tu, akatimua mbio. Hakuweza kuwatangulia nyumbani, miguu haikuwa ya kazi hiyo tena. Akaingia nyumba ya karibu, kwa Thomasin Yarnall, mwanamke wa Kikweka. Wakweka ni wazungu wema ambao dini yao haiwaruhusu kushika silaha. Thomasin alikuwa anasogea kwenye msumari kuchukua baragumu lake la chakula.

"Rafiki, niazime," akasema Keturah akihema. "Wamekuja."

Thomasin akalishika baragumu, asimpe. "Keturah, unatujua. Ukilipuliza wewe, watu watatoka na bunduki. Siwezi kutia mkono wangu kwenye damu."

"Sikuombi mkono. Ulitaka kufanya nini saa hizi?"

"Kuwaita wanaume wangu wale."

"Wangu pia hawajala."

Thomasin akamtazama sana. Akalirudisha baragumu msumarini, akafuta mikono kwenye aproni. "Supu yangu inaungua," akasema, akaingia jikoni.

Mashambani wanaume walisikia mlio kutoka nyumba ya mzungu, saa ya chakula. "Wakweka wanakula," akasema mmoja, akaendelea kukata mahindi. Levin alikuwa ameshaanza kukimbia. "Mkweka gani!" akapiga kelele. "Huyo ni mke wangu, na amekasirika!"

Wakamataji walipofika langoni, walikuta mapanga ya mahindi na bunduki za mimbarini zinawangoja. Nikiwa na nguvu huwa nasema niliangusha watatu kwa mwiko. Leo sina nguvu. Bwana Pinder alianguka na hakuinuka. Wawili wetu waliumia. Gari likageuza.

Hakuna aliyeshangilia. Levin alinawa mikono kwenye hori la farasi, akanawa, akanawa.

"Tumeshinda?" nikamwuliza.

"Wanajeshi watakuja," akasema.

Tukaondoka kabla hawajafika, kwenda Kanada ambako ile sheria haina nguvu: Levin, Keturah na mimi, tumelala chini ya magunia ya pumba katika gari la mume wa Thomasin, ambaye hakuuliza pumba zake zinakohoa kwa nini. Njia ilipita Columbia. Keturah alijua hatuwezi kusimama, maana nyumba ya Dorcas ingepekuliwa ya kwanza. Karibu na daraja gari likaenda taratibu. Mahali fulani mtoto mchanga alikuwa analia kwa nguvu zote. Keturah akanikamata mkono.

"Huyo," akanong'ona.

"Shoga, mji huu una watoto chungu nzima."

"Sikiliza kifua hicho."

Kila mtu ana kazi yake duniani, na yangu ni kutia chumvi. "Ni wako," nikasema. "Ng'ombe wa Columbia wote wameganda maziwa."

Akajiziba mdomo kwa ile kofia mpaka tukavuka mto.

Kanada hakupuliza tena. Alimwita Levin kula kwa kumpungia mkono, na kama Levin hakuona, basi hakuona. Huko Marekani vita vikaja, vikaisha, utumwa nao ukaisha, ndipo Dorcas akaweza kutuletea binti yake. Alikuwa msichana mkubwa, mrefu, mpole, na sauti yake ndogo kama ya panya ghalani. Ile kofia isingemtosha hata kwenye ngumi.

Keturah akamsikia akisalimia. Akanigeukia, akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Kisha akamvuta msichana karibu, akainamisha kile kichwa kwa mikono yake miwili, akakinusa.