Mashine Mbili na Waya Mmoja

Mtaa mzima ulimwita Mama Waya, na jina hilo hakupewa bure. Katika karakana yake, kabla ya kukata kwa leza plastiki yoyote asiyoijua, alipasha moto waya wa shaba mpaka ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye plastiki, kisha akaurudisha motoni. Moto ukibaki wa manjano, anakata. Ukigeuka kijani, plastiki hiyo ikipigwa leza hutoa moshi unaokula chuma, sembuse mapafu. Aliyesoma rangi ni mama yake mzazi, mgonjwa wa pumu, akiwa kitini chumba cha ndani. Kifua kitakachoumia ni changu, basi na macho yawe yangu, ndivyo alivyosema bibi huyo.

Asubuhi hiyo shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuja na leza mpya ya mwanga wa buluu, ndogo kama stuli, na mdomo mkubwa kuliko mashine. Akasema leza kuukuu ya Mama Waya, ile ya bomba la gesi, iuzwe kama chuma chakavu. Mama Waya hapendi kuchezewa. Akataka zishindanishwe hapo hapo, kwa karatasi nyembamba ya plastiki angavu aliyokuja nayo shemeji.

Buluu ilianza. Mwanga ukapita kwenye plastiki kama unavyopita dirishani, ukaunguza ubao wa chini, plastiki ikabaki salama salimini. Shemeji akajitetea eti ilitaka kupakwa wino mweusi kwanza. Mama Waya alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, kaa kitako uone kikongwe anavyokula," akasema, akabonyeza kitufe cha leza yake kuukuu.

Ikakata, tena kwa kingo laini. Alikuwa bado anatamba harufu kali ilipompanda puani, na kicheko kikamkauka. Waya ulikuwa rafuni, baridi, hajaugusa siku hiyo.

Alizima mashine, akakimbilia ndani. Mama yake alikuwa ameinama, pumzi ikipiga filimbi. Wakambeba na kiti chake mpaka uani. Dawa ya kuvuta, mara ya kwanza, wapi! Mara ya pili, bado. Mama Waya alipiga magoti akamshika mkono, na katika maisha yake hakuwahi kuogopa vile. Miaka kumi na tisa ya ufundi, akawaza, halafu namuua mama yangu kwa majivuno.

Mara ya tatu pumzi ikaanza kurudi, kidogo kidogo. Bibi alipoweza kuinua mkono, alielekeza kidole ndani, kule rafuni kwenye waya. Wakamsihi apumzike, akakataa katakata. Basi shemeji akaenda kuuleta waya mwenyewe, pamoja na kipande cha ile plastiki.

Mama Waya alisogea mwisho wa ua, upande unakoelekea upepo. Akaupasha waya, akaugusisha kwenye kile kipande, akaurudisha motoni.

Mama yake alikaza macho kutoka kitini.

"Kijani," alisema kwa sauti iliyochoka. "Usikate, mwanangu."