Pindo la Kushoto

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pazia aliingia mtaa ule kwa milango ya nyuma, futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, akapima madirisha ya karibu kila nyumba. Alijua mume na mke gani hulala vyumba mbalimbali, na hakumwambia mtu. Ndiyo maana waliendelea kumwita. Ulikuwa mtaa wa watu waliotulia: miti mikubwa, michongoma iliyokatwa sawasawa, mbwa wazee wasiobweka ovyo. Nyumba za pale zilirithiwa, hazikuuzwa.

Basi siku mwalimu mstaafu wa nyumba ya saba alipomwambia kwamba wanauza, na kwamba hawataki dalali bali wanataka kumpa mtu wao, Mama Pazia alikaa kitini bila kukaribishwa. Yeye, mumewe, watoto watatu na mama mkwe walibanana katika vyumba viwili vya kupanga, na mwenye nyumba wao alikuwa na tabia ya kupiga hodi akiwa ameshaingia. Mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa amestaafu mwezi ule ule. Kiinua mgongo chake kilitosha nyumba ile moja, basi. Ikiharibika hiyo, hakuna nyingine.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyeguna. "Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba gani hiyo inayokutafuta yenyewe?"

"Mama, na bahati ikija nayo tuifukuze?" mwanawe akamjibu, na wote wakacheka. Jumanne wakatia sahihi.

Jumamosi wakahamia. Majirani wa upande wa chini wa barabara walitoka kuwapokea, mmoja mmoja, wakamshika Mama Pazia mkono na kuchelewa kuuachia. Walimwita mwenzetu. Alipowakaribisha ndani, kila mmoja alikuwa na jambo la haraka nyumbani kwake. Moyo ulimwonya, akaupuuza. Mwenye furaha hana muda wa kusikiliza moyo.

Mke wa mwalimu alikuwa bado nje, akisimamia mizigo yake kwenye lori. Mama Pazia akapanda kiti sebuleni, akapima dirisha kubwa kutoka kwenye fimbo ya pazia mpaka sakafuni. Kulia, sentimita mia mbili na kumi. Kushoto, mia mbili na kumi na tisa. Akaitukana futi. Akapima tena, akapata vile vile.

Akafungua daftari lake la vipimo, maana nyumba hii alikuwa ameishonea tangu zamani. Siku ya kwanza pande zote mbili zilikuwa sawa. Kisha, kila baada ya miaka michache, walimwita: pazia limepanda kushoto, njoo ushushe pindo. Sentimita moja. Moja na nusu. Mbili. Mwaka jana, mbili na nusu; na leo mbili zaidi. Na kila mara yeye mwenyewe, kwa ujuzi wake wote, aliwaeleza kwamba kitambaa kimerudi, kimefupika, kwa sababu kinafuliwa sana na jua la mchana linapiga upande ule. Aligombana hata na muuza vitambaa. Kitambaa, jamani! Fundi wa nguo hulaumu anachokijua.

Akafunua kurasa nyingine. Nyumba ya tano, pindo la kushoto. Ya tisa, pindo la kushoto. Ya kumi na moja. Upande wote wa chini. Akashuka kitini ameshika ukuta, kisha akauachia upesi.

Alimkuta mke wa mwalimu akifunga godoro kwa kamba.

"Dada," akamwambia, "sakafu inazama."

Yule mama hakushtuka. Alikaza kamba kwanza.

"Mlijua?"

"Tulijua ulipokuja mara ya tatu. Baada ya hapo nilinunua kile kitambaa kigumu ambacho hakirudi, unakikumbuka? Nacho kikapanda." Akafunga fundo. "Mwanzoni nilidhani unajua, unatusitiri tu. Baadaye nikaona hujui."

"Ndipo mkaniuzia mimi."

"Mgeni angeleta mkaguzi. Wewe ulikuwa unatuamini." Akapanda mbele, kando ya mumewe, ambaye hakugeuza shingo. Lori likaondoka.

Mama Pazia alirudi ndani. Watoto walikuwa wakirukaruka chumbani, wakigombea pa kulala, akawakemea kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia. Akamwita mumewe sebuleni, akamwekea daftari mkononi na kumweleza yote, ukurasa kwa ukurasa.

Mumewe alisoma muda mrefu. Miaka thelathini alibeba wagonjwa, na hakuna ndugu wa mgonjwa hata mmoja aliyedanganywa naye njiani. Mama Pazia alisubiri apige kelele, au alie. Yeye akalifunga daftari taratibu, akachungulia barabarani.

"Nani mwingine anajua?"

"Majirani."

"Hao hawatasema." Akaendelea bila kumtazama mkewe. "Yule kijana aliyechukua zamu yangu anatafuta nyumba. Ana watoto wadogo."

"Baba watoto."

"Ananiamini sana," akasema.